Lile pori uliloniuliza

Shoga yangu Ruwaida,

Assalaam alaykum. Sauti yako nimeipata, na picha nne za kiwanja unachotaka kujengea nyumba nimeziona. Nilicheka uliposema dalali amekuapia kuwa "lile pori tu, hamna kitu." Nikipiga simu tutaishia kuulizana hali za watoto na joto la Muscat, kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Jumamosi nilikwenda kulitazama. Nilimchukua mtoto wa kaka yangu, yule mrefu, tukaingia kwa nyuma. Maweni yetu ya Unguja unayajua: jiwe kama wembe, udongo wa kujaza kiganja hapa na kiganja pale, miti yenyewe mifupi imesongamana. Mtu wa mjini akiyatazama anaona ardhi iliyolala. Wala tusimcheke, na sisi tulikuwa tukiingia mle kukata kuni tukidhani hapana mwenyewe.

Hatujafika kati, matawi yakaanza kuvunjika. Kima punju. Nilihesabu hadi kumi na sita nikapotea, maana hawatulii. Mmoja alikaa juu ya mkungu karibu nasi kabisa, mgongo mwekundu wa kutu, nywele nyeupe zimesimama usoni kama bibi aliyeamshwa ghafla. Gumba hana, tawi analivuta kwa vidole vinne vilivyojikunja kama ndoana. Akala majani, akashuka. Chini palikuwa na tanuri la mkaa lililoachwa zamani, limebaki jivu na vipande. Akaokota kimoja, akakitafuna hivi hivi tunamwona, akapanda na kingine mkononi.

"Shangazi, huyu kichaa?" kijana akaniuliza.

Si kichaa. Majani ya mkungu na ya mwembe yana lishe nzuri, ila yana na sumu yake, na mkaa huinasa ile sumu tumboni. Hata hospitali mtu aliyemeza sumu huweza kupewa mkaa, ila ule uliotengenezwa maalumu. Watalii wakiliona hilo hufurahi sana. Mimi, nikwambie kweli, lilinitia huzuni. Mkungu na mwembe ni miti ya majumbani na mashambani. Kima anayeishi kwa miti hiyo na mkaa wa binadamu ni kima aliyekwisha kubanwa, anajitafutia maisha kama sisi sote.

Utaniambia msitu wa Jozani upo. Upo, na ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Lakini ni kilomita za mraba 50 tu, na kima hawajui mpaka wake uko wapi. Watafiti waliowahi kuzunguka kisiwa kizima waliwapata zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na si wote waliomo hifadhini. Wengine wako kwenye vichaka kama hicho chako. Na duniani hawapo pengine ila Unguja, ukiacha wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba miaka ya 1970. Kila kichaka kikikatwa, kundi linabaki kisiwani ndani ya kisiwa. Likitaka kuhama lazima lishuke chini, na chini kuna mbwa na kuna gari.

Barabara ya Kusini unaikumbuka ilivyokuwa ilipotiwa lami. Kabla ya matuta pale Jozani, kima mmoja alikuwa akigongwa kila wiki mbili tatu. Yalipowekwa matuta manne ikawa mmoja kwa kama wiki sita. Madereva waliyatukana matuta yale wee! Mimi nayapenda, ingawa mgongo wangu hauyapendi.

Halafu yuko paa nunga, ambaye hukumwona na mimi sikumwona, ila kinyesi chake tulikiona. Huyo akisikia mguu ameshatoweka. Hufuata chini ya kima, akaokota majani na matunda wanayoyaangusha. Kwa hiyo ukimfukuza wa juu, wa chini naye umempunguzia chakula. Yeye ukimkosa Unguja, wenzake ni wale wa misitu ya pwani ya Kenya tu.

Najua utakumbuka babu yako alivyokuwa akiwapiga kima manati kwa ajili ya vidaka, zile nazi changa. Hata hilo limekwisha kutazamwa. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi visifike kuwa dafu, na walipopima mashamba wanamokula kima, nazi hazikupatikana kuwa chache. Babu yako asingekubali, Mungu amrehemu, na wenye mashamba wa leo wengi hawakubali vilevile. Siwalaumu. Mtu akiona vidaka vimetapakaa chini hawezi kupoa kwa kuambiwa habari za vipimo.

Sasa nyumba. Sikwambii usijenge kwenu, nani atakukataza? Lakini pale utahitaji kusafisha kichaka chote, kuvunja jiwe na kukata njia ya gari mpaka barabarani, na ikishakatwa njia, wauza kuni na mkaa wataingia nayo kabla ya fundi wako. Nimeyaona hayo kwa jirani yetu. Alikata kwa nyumba moja, baada ya miaka miwili pori lote la nyuma likawa visiki.

Kuna kiwanja kingine. Cha marehemu mama mdogo wako, pale karibu na skuli. Wanawe wanataka kuuza, wanataka ununue wewe kwanza kabla ya mgeni. Nimekipima kwa hatua zangu: ishirini na mbili kwa thelathini. Kina minazi mitatu, kisima cha maji baridi, na mwembe mkubwa kwenye kona. Hao kima wanaufika, kwa hiyo embe changa zihesabu nusu.

Dalali anataka jibu Ijumaa baada ya sala. Niambie nimwambieje, na nikamwone nani kuhusu kile cha mama mdogo, mkubwa wao au yule wa Bwejuu?

Nisalimie watoto.

Shoga yako,
Mwanaidi