Wanaonukuu ripoti za madaktari wanapunjwa

Mhariri,

Malipo ya wanaonukuu ripoti za madaktari wakiwa nyumbani, yaani wanaosikiliza sauti iliyorekodiwa na daktari na kuichapa, hupunguzwa kimyakimya, kwa hesabu. Kipimo cha malipo kilichozoeleka ni mstari wa herufi 65, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Mwajiri akiacha kuhesabu nafasi, bei ya mstari inabaki ileile lakini kipato kinashuka kwa karibu asilimia 15.

Kisha ikaja programu ya kutambua sauti, inayogeuza maneno ya daktari kuwa rasimu ya maandishi. Bei ya kuhariri rasimu hiyo mara nyingi ni nusu tu ya bei ya kuchapa, ati kazi imekuwa nyepesi. Nyepesi wapi? Sauti ya dakika 10 bado lazima isikilizwe yote, maana mashine huweza kuandika miligramu 50 daktari aliposema 15, au kugeuza “hana maumivu ya kifua” kuwa “ana”. Rasimu ikiwa mbovu, ni afadhali kuchapa upya, ila malipo ni yaleyale ya kuhariri.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza: nafasi zinahesabiwa? Vichwa vya ripoti je? Kisha gawanya malipo ya wiki kwa saa zote ulizokaa mezani, zikiwemo za kusubiri kazi.

Mnukuzi wa nyumbani