Picha ile niliiweka mimi mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwaeleze wazazi wenzangu jambo lililonifika nyumbani likizo ya Juni.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Safari hii alirudi mkimya. Joto lote la Morogoro, yeye kajifunga khanga hadi shingoni. Siku ya nne nikamkuta jikoni anamenya viazi huku machozi yanamtoka. Nilidhani ni masomo. Akaniambia, "Mama, shuleni wananiita Changia."

Mwaka 2016, akiwa na miaka saba, alimwagikiwa na chai ya moto, sufuria nzima, kuanzia shingoni hadi tumboni. Tulikaa wodini wiki sita. Baba yake hakuwa na kazi, na genge langu la nyanya hapa Kihonda lilikuwa limefungwa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalala naye hospitali. Nikampiga picha kitandani, kifua wazi, bandeji zimelowa dawa. Nikaiweka Facebook pamoja na majina yake matatu, wodi aliyolazwa na namba yangu ya kupokelea pesa. Juu yake nikaandika, "Changia mtoto huyu apone." Watu wakachanga, wengine hata sijawahi kuwaona. Mungu awabariki. Hela ile ndiyo iliyonunua dawa, na sijutii kuomba.

Ninachojutia ni kwamba mtoto alipona, tukarudi nyumbani, na picha nikaiacha palepale miaka tisa. Likizo fupi ya Pasaka mwanafunzi mwenzake alishika simu ya dada yake, akaandika jina la binti yangu ili amtafute. Ikaja picha hiyo. Shuleni kwao simu haziruhusiwi, lakini maneno hayahitaji simu. Walipofungua shule, bweni zima likawa linajua kifua chake kilivyo chini ya sare.

Usiku ule tuliketi na mdogo wangu, ambaye ana steshenari na anazijua hizi simu kuliko mimi. Akanionyesha kuwa ukurasa wangu uko wazi kwa kila mtu. Miaka yote nilidhani naongea na ndugu, wanakwaya na wateja wangu, kumbe mtu yeyote aliyepita alikuwa anasoma. Tukaifuta picha. Kisha kwenye mipangilio ya faragha akanionyesha mahali panapozibadilisha kwa mkupuo posti zote za zamani zilizokuwa za kila mtu, zikawa za marafiki tu. Pana na pengine pa kuweka sharti kwamba mtu akikutagi, picha isitokee kwenye ukurasa wako mpaka uikubali. Haikuchukua hata nusu saa. Picha yako ya utambulisho bado huonekana kwa watu wote, kwa hiyo ile ya sasa ni ya meza yangu ya nyanya, bila mtoto.

Kazi ikawa nakala. Wanakwaya wenzangu walikuwa wameichukua picha na kuiweka kwenye kurasa zao, kwa upendo kabisa, ili michango iongezeke. Nilimpigia simu mmoja mmoja. Wengi waliifuta siku hiyohiyo, wakaniomba radhi ambayo kwa kweli nilipaswa kuwaomba mimi. Mmoja wao alishafariki. Ukurasa wake bado upo, neno lake la siri hakuna anayelijua, na mwanangu yuko pale kitandani. Ndugu wa marehemu wanaweza kuomba akaunti ifungwe wakiwa na cheti cha kifo. Nimemwomba mwanawe afanye hivyo, nasubiri. Ukurasa mwingine ndio ulioniliza: picha ileile, jina la mtoto mwingine, namba ya simu nisiyoijua, watu wanaombwa pesa. Tuliuripoti, ukaondolewa baada ya siku kumi na moja.

Mhariri, Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti. Jirani zetu Kenya, Septemba 2023, waliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 za kwao kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, kisha nikanyamaza. Idhini ya mzazi ndiyo ngao ya mtoto, na mimi mzazi ndiye niliyeiweka picha. Binti yangu hakuwa na wa kumkingia.

Nawaomba wanaokwenda kwenye vituo vya yatima na sabuni na madaftari waache kupanga watoto mstari kupiga picha. Watoto wale watakuwa walimu, mafundi, wachumba wa watu. Nanyi wa magazeti, mnapochapisha maombi ya matibabu, msimwonyeshe mtoto uso wala kidonda. Chapisheni namba ya mchango na jina la mtu mzima anayeijibia.

Msije mkasema bila picha watu hawachangi. Mwezi uliopita mjukuu wa jirani yetu alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa mguu, na bibi yake akaja kwangu tumwandikie tangazo. Binti yangu, aliyekuwa bado hajarudi shule, ndiye aliyeliandika. Jina la mtoto hakuliweka. Aliipiga picha barua ya hospitali akiwa amefunika kwa karatasi sehemu yenye jina na namba ya faili, akaweka namba ya mjumbe wetu wa mtaa kuwa ndiyo ya kupokea, kisha akaandika kwamba anayetaka kuhakikisha aje nyumbani kwa mjumbe aone barua yenyewe. Watu wanne walikuja kweli. Kufika Jumapili jioni zilikuwa zimepatikana Sh480,000.

Jina langu unalo, Mhariri. Kwa ajili ya binti yangu, naomba lisichapishwe.

Mama muuza nyanya,
Kihonda, Morogoro.