Kuhusu hicho kipimo cha "jeni ya kumbukumbu"

Mpendwa Salma,

Salamu sana, wewe na wote hapo nyumbani. Ujumbe wako nimeupata, nikacheka na kukasirika kwa pamoja. Kampuni ichukue mate ya mwanao, kisha ikuambie kama amezaliwa na "jeni ya kumbukumbu"? Pesa yako usiitoe kwanza, nisikilize.

Kumbukumbu mpya za matukio hupitia hipokampasi, kipande kidogo cha ubongo kilichojikunja kwa ndani usawa wa masikio, kimoja kulia, kingine kushoto. Dunia ilielewa umuhimu wake kupitia masaibu ya Mmarekani mmoja, Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa mwaka 1953 akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Mpaka anafariki mwaka 2008, mtu angeweza kuzungumza naye vizuri, akatoka kidogo, na akirudi Henry anamsalimu upya kama hawajaonana kamwe.

Sasa shika jambo hili: seli za hipokampasi zina DNA (maagizo ya urithi) ileile iliyomo kwenye ini na ngozi. Jeni, yaani vipande vya DNA, za kutengeneza protini ni kama 20,000, na karibu kila seli inazo zote. Tofauti iko katika zipi zinasomwa, lini, na kwa kiasi gani. Kuna protini ambazo kazi yake ni kujishikiza kwenye DNA na kuwasha jeni hii, kuzima ile.

Mimi hapa ndipo ninaponogewa. Kwenye kiinitete, pembeni mwa gamba changa la ubongo, kuna ukanda mwembamba wa seli unaotoa ishara iitwayo Wnt3a. Viinitete vya panya visivyo na jeni hiyo hupata gamba la jirani karibu kama kawaida, ila hipokampasi haipo. Jeni nyingine, Lhx2, huzuia ukanda huo usijitanue. Mwaka 2008 watafiti walieleza jinsi walivyoiondoa Lhx2 katika viraka vya seli huku na huku kwenye ubongo wa viinitete vya panya. Viraka vikageuka kanda nyingine za kutoa ishara, na kando yake pakaanza kuota hipokampasi za ziada. Jeni moja imezimwa mahali pasipo pake, na ramani ya ubongo imebadilika!

Hata seli ikishazaliwa, haijamaliza. Zile za sehemu ya hipokampasi iitwayo dentati hutegemea jeni iitwayo Prox1. Ukiiondoa, zinaanza kufanana na seli za eneo jirani.

Na malezi nayo yamo. Panya wachanga wanaolambwa sana na mama zao katika wiki ya kwanza hukua wakiwa watulivu zaidi. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba jeni ya kipokezi cha homoni za msongo, ndani ya hipokampasi yao, ina alama chache za kemikali zinazoizima. Watoto waliobadilishiwa mama walifuata aliyewalea, si aliyewazaa. (Usianze kumlamba mtoto, tafadhali. Binadamu tuna mambo mengi zaidi ya panya.)

Tena kuwashwa na kuzimwa huku hakuishii utotoni. Mwanao akijifunza jambo leo, ndani ya dakika chache jeni kama c-fos na Arc huwaka katika baadhi ya seli zake za hipokampasi, kisha protini mpya hutengenezwa. Panya waliopewa dawa ya kuzuia protini hizo hukumbuka somo kwa muda mfupi tu, halafu linapotea.

Kwa hiyo mate yatakuambia nini? Yataonyesha herufi za DNA. Hayaonyeshi ni jeni zipi zimewashwa ndani ya hipokampasi, wala zitakazowashwa kesho. Daktari akiagiza kipimo cha jeni kwa sababu ya ugonjwa, hilo ni jambo jingine kabisa: badiliko katika jeni moja tu, MECP2, linaweza kuleta ugonjwa wa Rett, unaovuruga ukuaji wa ubongo, na hapo kupima kuna maana. Lakini mwanao ni mzima, na anachouziwa ni ubashiri.

Muulize huyo wa kampuni anayekupigia simu wanapima jeni zipi, na utafiti wanaoutegemea umechapishwa wapi. Akikujibu, nitumie niusome.

Wako,
Rehema