Paka wa mitaani wafungwe kizazi, wasitegwe kwa sumu

Mhariri,

Mimi ni mama lishe karibu na soko la samaki la Feri, naomba nafasi niwasemee paka. Mtaani kwangu, wakizidi tu, kuna watu hutega dagaa wenye sumu. Inaniuma sana. Paka hufa kwa kutapatapa, na mbwa au kuku wa jirani akidonoa masalia naye anakwenda.

Tena sumu haimalizi kitu. Vichwa vya samaki vikiendelea kutupwa palepale, paka wengine watahamia. Jike hubeba mimba kama miezi miwili tu, na anaweza kuishika akiwa na miezi minne au mitano!

Dawa ni kuwanasa kwa mtego wa kasha, daktari wa mifugo awahasi madume, awafunge majike kizazi na kuwachanja kichaa cha mbwa. Akiwa bado kwenye usingizi wa dawa ya upasuaji, paka hukatwa ncha ya sikio moja ili ajulikane, kisha hurudishwa alikotoka. Shume, yaani paka wa mitaani asiyezoea watu, akishakuwa mkubwa usimfungie ndani, atateseka. Vitoto ndio wa kugawa: vikizoeshwa watu kabla ya wiki nane hivi, hutulia nyumbani. Muuza mchele jirani yangu alichukua kajike keusi (wengine walikaita jini, masikini!) na sasa magunia yake hayatobolewi na panya.

Naziomba manispaa zetu zitenge siku za kuhasi paka kwa bei tunayoiweza, kama zinavyotengwa siku za kuchanja mbwa.

Mama Lishe,
Kigamboni, Dar es Salaam