Barua ya malalamiko: Kadi ya megahezi 50 yenye prosesa ya 40

Ngamiani,
Tanga.

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KADI YA KUONGEZA KASI YA KOMPYUTA YA AMIGA 1200 ISIYOLINGANA NA MAELEZO YA MAUZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tangazo lenu lilisema kwamba kadi hii ina prosesa ya Motorola 68030 ya megahezi 50, yenye kitengo chake cha kusimamia kumbukumbu, yaani MMU, pamoja na ramu ya megabaiti 64. Nililipa bei ya kitu hicho. Kilichonifikia ni kitu kingine, na picha nimeziambatanisha.

Kwanza nijibu barua pepe yenu ya mwisho, kwa sababu imeniuma. Mliniandikia kwamba kadi inazingua kwa ajili ya joto na hewa ya chumvi ya Tanga, na kwamba vifaa vya aina hii havikutengenezwa kwa mazingira ya pwani, kwa hiyo dhamana haihusiki. Ndugu Meneja, nyinyi mpo Dar es Salaam. Bahari ni hiyo hiyo moja. Mlipopokea pesa yangu anwani ya Tanga mlikuwa nayo mezani, na hakuna aliyenionya kuhusu hewa. Na kompyuta yenyewe, bila kadi yenu, inafanya kazi hapa hapa Ngamiani, mchana wa jua kali, dirisha wazi, bila kuganda hata mara moja.

Mjue pia ni kazi gani iliyokwama. Kompyuta hii ni ya marehemu mjomba wangu, aliyekuwa akirekodi harusi mjini hapa enzi za kanda za VHS. Amiga ndiyo iliyokuwa ikiandika majina ya maharusi juu ya picha: aliiunganisha na jenloki, kifaa kinachochanganya maandishi ya kompyuta na picha ya kamera. Michoro yote, mapambo yote, majina ya watu ambao wengine hatunao tena, yamo kwenye flopi zake. Flopi za Amiga zina kilobaiti 880 na zimeandikwa kwa mpangilio ambao kisomeo cha kawaida cha flopi cha PC hakiwezi kuusoma. Lazima zisomwe na Amiga yenyewe. Lakini Amiga 1200 ilitoka mwaka 1992 ikiwa na ramu ya megabaiti 2 tu na prosesa ya takriban megahezi 14. Kufungua michoro mikubwa, kuibadili iwe katika muundo unaosomeka leo na kuihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu kwa hali hiyo ni mateso. Ndiyo maana nilikuja kwenu.

Kadi ilipofika niliipachika kwenye mlango wa chini, kompyuta ikawaka, ramu ikahesabiwa yote. Baada ya muda mfupi ikaganda. Nikaiwasha tena, likatokea lile boksi jekundu linalowaka na kuzima, lenye nambari 80000004, maana yake prosesa imekutana na amri isiyoielewa. Safari nyingine ikawa 8000000B. Programu ile ile, faili lile lile, kosa tofauti. Fundi yeyote atawaambia kwamba programu mbovu hufa mahali pamoja, na kosa linalohamahama namna hii linatoka kwenye vyuma.

Mara moja iliganda katikati ya kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu, na sehemu nzima ya diski ikakataa kuthibitishwa. Michoro niliyokwisha kuhamisha ikapotea. Ilibidi nirudie flopi zile zile, ambazo kwa umri wake kila zinaposomwa zinazidi kuchoka. Hasara hii hamwezi kuilipa kwa pesa, na ninataka muijue.

Kila mlichoniagiza nilikifanya. Mlisema umeme. Nikapima volti tano kwenye kiunganishi cha kadi, kazi ikiendelea, nikakuta pawasaplai ya zamani inashuka hadi 4.7, wakati kiwango cha chini kinachokubalika kwa saketi hizi ni 4.75. Hapo mlikuwa na haki ya kuuliza. Nikaweka pawasaplai mpya yenye ampea za kutosha, nyuma yake stabilaiza, umeme ukatulia kwenye 5.05. Kompyuta ikaendelea kuganda. Mlisema miguu ya kiunganishi imeshika kutu. Nikaisafisha kwa spiriti ya mafundi, ingawa haikuwa na kutu. Mlisema mamabodi. Kweli kuna bodi za Amiga 1200 zinazojulikana kuvuruga mapigo ya saa, yaani mapigo ya umeme yanayoongoza mwendo wa prosesa, kwa kadi za namna hii, na dawa yake inafahamika: kuondoa kapasita mbili, E123C na E125C. Nikaziondoa, na zile kapasita za zamani zinazovuja nikazibadilisha zote. Hakuna kilichobadilika.

Ndipo mhudumu wenu wa simu akaniambia nibandue bati la kupoozea lililo juu ya prosesa, nipake grisi mpya ya joto. Nasisitiza hili kwa sababu sasa mnadai nimevunja dhamana kwa kubandua bati. Agizo lilitoka kwenu, na ujumbe wake ninao.

Chini ya bati, Motorola wenyewe wameandika: MC68EC030RP40.

Yeyote anayeuza vifaa hivi anajua maandishi hayo yanasema nini. Herufi EC maana yake ni toleo la bei nafuu, lisilo na MMU. RP ni gamba la plastiki. Na 40 ni megahezi 40, ndicho kikomo ambacho kiwanda kilikipima na kukidhamini. Motorola hawakuwahi kutoa EC030 ya megahezi 50. Pembeni yake, kwenye kadi, kuna osileta, kifaa kinachotoa mapigo ya saa, ya megahezi 50 inayoiendesha prosesa hiyo asilimia 25 juu ya kiwango chake. Na juu ya bati palikuwa na stika safi iliyochapwa "68030 50 MHz".

Kwenye megahezi 40 kila pigo la saa lina nanosekunde 25. Kwenye 50 ni nanosekunde 20. Prosesa inalazimishwa kumaliza kazi yake mapema kuliko ilivyopimwa kuweza, na transista zinapopata joto huwa nzito zaidi, kwa hiyo ile nafasi ndogo iliyobaki inakwisha na makosa yanaanza. Joto mnalolisingizia limefichua tu kasoro iliyokuwemo tangu kadi ikiwa dukani kwenu. Mlipoijaribu kwa dakika chache kwenye chumba chenye kiyoyozi bila shaka iliwaka vizuri.

Sikuishia kwenye kusoma maandishi. Niliazima osileta ya megahezi 40 kwa fundi mwenzangu wa Chumbageni nikaibadilisha. Kompyuta ile ile, kadi ile ile, chumba kile kile, mchana wa Tanga. Nikaiacha ikipima ramu usiku kucha, haikutoa kosa hata moja. Nikahamisha michoro mfululizo, haikuganda. Kisha nikajaribu amri ya CPU FASTROM, inayotumia MMU kuhamishia mfumo ulio kwenye ROM, yaani chipu ya kumbukumbu ya kudumu, kwenye ramu ya kasi. Haikufanya kazi, kwa sababu kitengo hicho ambacho tangazo lenu linakitaja kwa jina hakimo.

Prosesa ya EC ya megahezi 40 si kitu kibaya, na kwa kazi nyingi inatosha kabisa. Mngeiuza kwa jina lake na kwa bei yake huenda ningeinunua, na leo nisingekuwa nawaandikia. Ninacholalamikia ni stika, na kwamba baada ya stika mkauelekeza mkono kwenye mji wangu.

Naomba mambo yafuatayo. Mnipe kadi yenye 68030 kamili iliyopimwa na kiwanda kwa megahezi 50, au mnirudishie pesa yote pamoja na gharama za kuisafirisha kwenda na kurudi. Mrekebishe tangazo, ambalo hadi ninapoandika bado lipo vile vile. Na muwaarifu wateja wengine waliouziwa kadi za shehena hiyo, maana pengine kuna mtu anabadilisha pawasaplai na kulehemu kapasita wakati huu, akidhani ubovu uko kwenye kompyuta yake.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 nitapeleka barua hii, picha na ujumbe wa mhudumu wenu Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Kadi nimeifunga kwenye boksi lake la awali, osileta yenu ya megahezi 50 ikiwa imerudishwa mahali pake kama ilivyokuja, tayari kuchukuliwa na msafirishaji mtakayemtuma.

Wenu,
Mteja na fundi wa video,
Ngamiani, Tanga.