Mahindi ya Februari Hayauzwi Julai: Barua ya Wazi kwa Kaya Changa za Uyole

Wanangu wa Uyole hapa Mbeya, na wenzenu wa Igawilo, Nsalaga na Inyala, ninyi mlioanza nyumba miaka hii ya karibuni, poleni na baridi.

Juma hili nimehesabu Fuso nne zikipakia mahindi njia ya kwetu. Nyumba tatu kati ya zile walizopakia ni za vijana niliowabeba mgongoni. Siandiki kuwagombeza. Niliuza nafaka soko la Mwanjelwa miaka 23, jioni nikirudi kwa mume mkulima, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili za mzani. Nawaambia nilichokiona: kaya nyingi za huku kwetu huangushwa na kalenda. Fedha ya shamba inaingia mara moja, kati ya Juni na Agosti, na tumbo linadai kila siku. Ikifika Januari shule zinafunguliwa, mahindi yanataka mbolea ya kukuzia, palizi inataka vibarua, na ndipo ghala linapokauka. Miezi hiyo debe lina bei kuliko wakati mwingine wowote, na anayelinunua mara nyingi ni yule yule aliyeliuza Julai.

Mwaka 1992 mimi na marehemu mume wangu tulivuna gunia 11. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, tukatamani bati. Julai tukauza gunia tisa, tukanunua bati na misumari. Mvua ya kwanza iliponyesha juu ya lile bati tulikaa kimya tukiisikiliza, hata watoto hawakusema neno. Februari tulikuwa chini ya bati hilo hilo na watoto wanne, na debe la mwisho nimeshalikung'uta mpaka vumbi. Nikaenda kwa jirani, nikachukua debe nne kwa utaratibu wa siku zile: ukichukua moja unarudisha mawili wakati wa mavuno. Zikawa nane. Ina maana tulianza msimu uliofuata tukiwa na deni la zaidi ya gunia moja kabla hatujabandua hata hindi la kuchoma. Ilituchukua misimu mitatu kukaa sawa. Nyumba ya bati ilikuwa haki yetu, lakini tuliiezeka kwa chakula cha Februari.

Basi kabla dalali hajafika mlangoni, jueni nyumba yenu inakula kiasi gani. Gunia la kilo 100 ni debe sita hivi. Kwangu, watu sita, debe moja lilienda siku kumi na moja au kumi na mbili, kwa hiyo mwaka mzima tulikula kama gunia tano na nusu. Nikawa naweka saba, kwa sababu wageni wapo na misiba ipo. Ninyi wenye mtoto mmoja mtahitaji pungufu, ila msichukue namba yangu. Andika siku debe lilipokwenda mashineni, andika siku unga ulipokwisha. Fanya hivyo mara mbili, utakuwa na namba ya nyumba yako. Gunia hizo zitengwe kwanza, zifungwe, mume na mke wote wazijue, na kinachobaki ndicho cha kuuza. Na mkiuza, uzeni kwa mzani. Lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, imekatazwa, na kila kilemba mnachokikubali juu ya gunia ni debe la mtoto wenu linalopanda gari bure.

Nachukua mfano tu, maana bei hubadilika kila mwaka. Debe likiwa 10,000 Julai na 18,000 Februari, nyumba inayorudi sokoni kununua debe 15 imepoteza 120,000. Hiyo ni sare, viatu na madaftari. Nimewaona kina mama wakilia Januari kwa fedha hiyo hiyo.

Najua jibu lenu: mahindi yakikaa yanaliwa na wadudu. Ni kweli. Nakumbuka dumuzi alipoenea, tulimwita Skania kwa jinsi anavyosaga, gunia linabaki unga na maganda. Siku hizi ipo mifuko ya kinga njaa, ya tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja la nje la kawaida. Ukiifunga vizuri hewa haiingii na mdudu anafia humo bila dawa. Lakini mahindi yawe makavu kweli, na baridi yetu hii inadanganya sana. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo ya chupa, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa kama dakika mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini, funga mfuko.

Wenye mshahara na wenye vibanda msidhani barua hii haiwahusu. Ninyi mna kalenda yenu, mwisho wa mwezi. Mnanunua unga kilo mbili mbili, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, na kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji ndani yake. Nilikuwa muuzaji, najua tulikuwa tunaiweka wapi. Kama hamuwezi gunia zima, unganeni nyumba tatu Julai au Agosti, nunueni pamoja, mgawane kwa debe.

Na vijana wangu wa bodaboda. Fedha yenu inaingia kila siku, na hilo ndilo linalowapoteza, kwa sababu inaonekana haiwezi kwisha. Ukitoa hesabu ya bosi na mafuta, kilichobaki mfukoni hakijawa chako chote. Ndani yake kuna oili, kuna tairi, kuna bima, kuna siku utakayolala na malaria. Toeni hivyo kila jioni, hata kwa mia tano mia tano, muweke mahali ambapo si mfukoni. Kijana mmoja wa kijiwe cha hapa njiapanda ya Tukuyu alikatikiwa mnyororo akakosa fedha ya kununua mwingine, akakaa nyumbani siku nne. Siku nne za kazi kwa mnyororo!

Kila nyumba iwe na daftari. La shule linatosha. Langu la kwanza lilikuwa la kurasa 48, na ukurasa mmoja wake naukumbuka mpaka leo: sabuni, chumvi, mafuta ya taa, nauli ya Tukuyu, mchango wa harusi, usipa, mchango wa harusi, kibiriti, mchango wa harusi. Niliposoma ndipo nilipoona michango mitatu ya harusi ndani ya mwezi imezidi chakula. Tangu hapo nilikuwa natenga fedha ya michango mwanzoni mwa mwaka, na ikiisha nawaambia wenye kadi nitakuja kuosha vyombo. Hakuna aliyenikasirikia. Msiba ni jambo jingine, msibani mwende, hata na debe la mahindi au mzigo wa kuni, kwa sababu siku ya kwenu itafika nanyi mtahitaji watu.

Daftari lisomwe na wote wawili. Baba unayemficha mkeo kipato chako, unamwachia apange nyumba gizani. Mama unayeficha deni la vitenge, vivyo hivyo. Mimi na mzee tulikuwa tunalisoma Jumamosi usiku watoto wakilala. Siku nyingine tulinuniana mpaka asubuhi, lakini hakuna deni lililotufikia mlangoni bila kulijua.

Hapo nifike kwenye kausha damu, mikopo ya haraka yenye riba kubwa, na hapa nawaomba kwa machozi. Mwaka juzi binti wa dada yangu alichukua 200,000, arudishe 260,000 ndani ya mwezi, kwa marejesho ya kila wiki. Wiki ya pili mtoto akaugua. Akakopa kwa mwingine kulipa wa kwanza, kisha kwa wa tatu kulipa wa pili. Walikuja watu wakabeba kochi, televisheni na mtungi wa gesi wenye sufuria ya uji bado juu ya jiko, wakaimwaga kwanza ndipo wakaubeba. Mtoto alikuwa amekaa pale anausubiri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Muulizeni leseni. Muulizeni riba kwa mwaka, si kwa wiki. Akianza kuwaharakisha msaini, ondokeni.

Kwa mtaji, anzeni na VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, mnayoijua, ambayo wanachama wake mnaonana kanisani, msikitini na kisimani. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize masharti. Inachukua muda, na kusubiri kunachosha, lakini hakuna atakayekuja kumwaga uji wa mtoto.

Ya jikoni mnayajua: maharage yalowekwe tangu usiku yasimalize mkaa, chainizi na majani ya maboga yapandwe nyuma ya nyumba mahali maji ya kuogea yanapopita, na parachichi zinazooza chini ya miti zipakwe kwenye viazi vya asubuhi badala ya kununua siagi.

Jumapili hii baada ya ibada nitakuwa kibarazani kwangu mpaka jioni. Njooni mume na mke, na daftari na kalamu. Aliyekwisha kuongea na dalali asione aibu, aje tuhesabu kilichobaki. Na anayetaka kupima ukavu aje na chupa kavu na mahindi ya kutosha robo yake. Chumvi ninayo.

Ndaga fijo, asanteni sana,
Bibi yenu wa Uyole