Tuwafundishe watoto sauti za herufi, si majina yake tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu na wazazi wasiwafundishe watoto wadogo majina ya herufi za Kiingereza pekee, wakaziacha sauti zake. Mtoto anayeimba herufi zote 26 kwa ufasaha bado anaweza kushindwa kusoma neno "cat", kwa sababu majina "sii, ei, tii" yakiunganishwa hayatoi neno hilo. Anachohitaji ni sauti tatu fupi, azitamke moja baada ya nyingine, kisha aziunganishe.

Kwa mtoto aliyezoea Kiswahili, ambamo irabu ni tano na kila moja hubaki na sauti yake popote iandikwapo, ugumu ni mkubwa zaidi, kwani Kiingereza kina sauti zipatazo 44, na herufi "a" hubadilika katika "cat", "cake" na "car". Hilo si kosa la mtoto, na hastahili kukaripiwa.

Nashauri tuanze na herufi s, a, t, p, i na n, ambazo huzaa haraka maneno kama "sat", "pin" na "tap". Tena mwalimu ajihadhari asiongeze irabu baada ya konsonanti: akitamka "ta" badala ya "t", mtoto atasoma "sata" mahali pa "sat", na kosa hilo, ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hulifanya kwa urahisi kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, huchukua muda mrefu kuondoka.

Wako,
Mwalimu wa madarasa ya awali